Ndege Tuliyoipeleka Makaburini

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu, ambao umelala upande kama mgomba uliozidiwa na mkungu, na kwa herufi nitakazokuwa nimezikosea. Niliishia darasa la saba. Mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba mimi nikianza insha wakati wa kupanda nitaimaliza wakati wa kuvuna. Hakunisema kwa ubaya, alikuwa akieleza tu ratiba yangu. Haya mnayoyasoma niliyaanza mfungo wa Ramadhani, na sasa korosho zimeanza kuanguka.

Kijiji chetu kiko kaskazini ya Mchinga, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Nyuma ya mikoko tuna jangwa, yaani uwanja wa tope lililokauka na chumvi yake, pasipoota kitu. Bahari hufika pale wakati wa bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku nyingine ni pakavu, watu hupita na baiskeli. Mwaka juzi ndege ndogo ilitua hapo.

Haikuanguka. Rubani alilirudia jambo hilo kwa kila aliyempa mkono. Injini ilizimika, akachagua mahali, akatua. Kwa bahati mbaya gurudumu la mbele lilizama kwenye tope ambalo halikuwa limekauka sawasawa, ndege ikainamia pua, na panga lake la mbele, lile linalozunguka, likapinda ncha zote mbili. Rubani alishuka, akaomba maji, akala wali kwa mwenyekiti wa kijiji, na kesho yake akaondoka kwa lori la nazi. Alituambia ndege ilikuwa ikitoka Songo Songo kwenda Lindi na kwamba mwenyewe ni mtu mmoja, mfanyabiashara. Hilo lilitushangaza kuliko kutua kwenyewe. Sisi tulijua ndege ni ya serikali, kama reli. Lakini ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imewafungulia watu biashara, na watu walikuwa wakinunua mabasi, mashine za kusaga, na kumbe na ndege.

Ilikaa pale siku nane. Mbuzi walilala chini ya mabawa. Mwenyekiti aliweka zamu ya ulinzi, ingawa hakuna aliyejua mtu angeiba kipi na akakifanyie nini.

Siku ya tisa alikuja fundi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za pembeni na sanduku la spana lililobebwa na watu wawili. Aliizunguka ndege mara tatu, akauliza bamvua ni lini. Wazee walimwambia ni siku ya nne kuanzia leo. Akasema maji ya chumvi yakiingia ndani ya ndege, basi tena, itabaki ya kufugia kuku. Lazima ifunguliwe vipande, mabawa mbali, mkia mbali, injini mbali, ipelekwe barabarani, lori liipakie. Kisha akasema anahitaji mtu mmoja anayejua kuandika.

Mwalimu alikuwa amekwenda Lindi kufuatilia mshahara wake. Mwenyekiti aliangaza macho, akanionyesha mimi. Nadhani alinichagua kwa sababu sikuwa nikizungumza, na mtu asiyezungumza hudhaniwa kuwa ana elimu.

Kazi yangu ilikuwa hii. Fundi akifungua bolti, ananipa. Mimi naitia kwenye kopo, naandika kwenye kipande cha mfuko wa saruji imetoka wapi, kushoto au kulia, mbele au nyuma, kisha nakifunga kipande kwenye kopo kwa uzi. Makopo yalitoka kwa akina mama wa kijiji. Yalikuwa ya maziwa ya unga, ya kahawa, ya biskuti, vitu vilivyokuja na ruksa. Ndege hii ingetua miaka mitano nyuma tungeweka bolti kwenye vifuu vya nazi. Mama yangu alimwaga chumvi yake kwenye kitambaa akanipa kopo lake, akaniambia lirudi.

Kabla hatujaanza, fundi alinikalisha juu ya sanduku la spana.

"Kijana, bolti hizi ukiziangalia zote ni moja," alisema. "Si kweli. Kila moja imezoea tundu lake, kama mguu na kiatu. Ya kushoto ukiitia kulia itaingia. Na ndege itaruka. Itaruka vizuri kabisa, mpaka siku moja huko juu itakapokataa. Na siku hiyo rubani ndiye atakayejua, mimi na wewe tutakuwa tumelala. Umenielewa?"

Nilitikisa kichwa kwamba nimeelewa. Nilimkumbuka yule rubani alivyokula wali kwa mwenyekiti, akisifia nazi.

Fundi alifungua haraka, mimi niliandika polepole. Alikuwa akimaliza bolti tatu mimi bado niko kwenye neno "kushoto" la bolti ya kwanza. Mwanzoni alinihimiza. Kisha akaanza kuniita mwandishi. "Mwandishi, tuko pamoja?" Baadaye akawa anavuta sigara baada ya kila bolti. Kazi aliyotegemea kuimaliza siku moja ilichukua siku mbili na nusu, na sigara zake zikaisha.

Jua la jangwani ni kali na hakuna mti. Kivuli pekee kilikuwa cha ndege yenyewe. Asubuhi nilikaa upande mmoja, mchana nikahamia mwingine, kivuli kilivyokwenda. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu mimi sikulikumbuka.

Siku ya bamvua ilipofika, ndege ilikuwa tayari vipande. Wanaume walikusanyika baada ya alfajiri, kama sitini. Maji yangeingia mchana. Kutoka jangwani hadi barabarani ni mwendo wa saa moja, na katikati kuna kijito ambacho bamvua hukijaza, kwa hiyo tulitakiwa tuwe tumevuka kabla ya saa tano. Mkia, mabawa na injini vilitangulia na vikavuka bila maneno. Ikabaki bodi, ule mwili wenyewe wa ndege wenye viti. Fundi alikata miti miwili mirefu ya mikoko, akaipitisha chini yake, akaifunga kamba. Watu kumi na sita waliingia chini, wanane kila upande, wakainua mpaka mabegani.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na sina hakika kama fundi aliona. Kabla ya hapo watu walikuwa wakicheka. Mtani mmoja wa sisi Wamachinga, mzee wa Kimakonde anayechimba visima na aliyehamia kwetu zamani, alikuwa akiuliza kama maiti tumemwosha. Lakini mzigo ulipokwisha kukaa mabegani, maneno yaliisha. Kwetu kitu kirefu kinachobebwa mabegani na wanaume wengi ni kimoja tu. Kila mwanamume tangu amebalehe amekibeba mara nyingi, na mwili unajua la kufanya. Unaingia mbele, unabeba hatua chache, unampokea aliye nyuma yako na wa mbele anakupokea wewe, unatoka, unazunguka. Kila mtu anataka apate hatua zake, kwa sababu zina thawabu. Na mwendo ni wa haraka, maana maiti hacheleweshwi.

Basi bodi ya ndege ilikwenda mbio. Fundi alifurahi sana. Aliniambia kwamba Dar es Salaam hajapata kuona vibarua wanaogombania mzigo. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nikikokota baiskeli yenye matenga mawili ya makopo, na yeye alikuwa kando yangu akiyashika yasimwagike. Mbele yetu mtu mmoja alianza kwa sauti ya chini yale maneno ya kumtaja Mungu tunayoyasema njiani. Alipojisikia mwenyewe, akanyamaza. Lakini miguu haikusikia.

Kwenye kisima cha zamani njia inagawanyika. Ya kulia inashuka kwenye kijito na barabara. Ya kushoto inapanda makaburini. Bodi ilikwenda kushoto.

Niliona. Nitasema kweli, niliona kabla ya mtu yeyote, kwa sababu mimi peke yangu sikuwa nimebeba wala kusubiri zamu. Nilijiambia kwamba mbele wako wazee, na wazee wanajua. Nilijiambia pia kwamba labda kuna njia nyingine. Wakati najiambia hayo, nilikuwa nimekwisha kukata kona na baiskeli yangu.

Tulipofika juu, waliokuwa mbele walianza kuvua kandambili kwa kuzisukuma na vidole, bila kuacha kutembea.

"Mbona wanavua viatu?" fundi aliuliza.

"Tumefika makaburini," nilisema.

Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kwake tangu asubuhi.

Bodi ilikuwa imesimama kwenye mwanya kati ya makaburi, juu ya mabega ya watu kumi na sita, na hakuna aliyekuwa akimtazama mwenziwe. Mwenyekiti alikohoa. Yule mtani ndiye aliyesema, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Alikwenda akalala chali mbele ya bodi, kama watani wanavyoziba njia ya jeneza.

"Hapiti mtu," alisema. "Nyie Wamachinga mkipewa gunia la mihogo mlibebe pamoja, nalo mtalizika. Haya, mshusheni taratibu. Alazwe ubavu wa kulia."

Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa pua. Mmoja akauliza ubavu wake wa kulia ni upi. Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama puani kwa ndege, akaonyesha upande wa mkono wake wa kulia. Mwingine aliyekuwa upande wa nyuma akasema hapana, ni huu. Yakawa mabishano ya kweli, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa anatafuta jambo la kuzungumza mbali na lile tulilofanya.

Fundi alivumilia, kisha akapaza sauti. "Kulia kwa ndege ni kulia kwa rubani akiwa amekaa kitini. Hata usimame wapi wewe."

Watu waliitikia kwamba sawasawa, ni kama maiti, kulia kwake ni kwake. Wakaishusha. Mimi niliegemeza baiskeli kwenye mti, nikayatazama makopo. Nilikuwa nimeandika makopo thelathini na moja, na katika hayo sikumfikiria rubani hata mara moja. Nilikuwa nimeandika kushoto na kulia kama nilivyokaa mimi. Na nilikaa kilipokuwa kivuli.

Tuliporudi kwenye kisima na kutazama chini, kijito kilikuwa kimejaa. Dereva wa lori alitupungia mkono kutoka ng'ambo, akapakia mkia, mabawa na injini, akaondoka. Alikuwa amesema mapema kwamba maji yakimtangulia atarudi baada ya siku nne. Fundi aliketi juu ya ukingo wa kisima. Wazee walimwambia angalau makaburini bahari haifiki. Walisema hivyo kwa kumfariji, na ilikuwa kweli. Bodi ilisogezwa nje ya safu za makaburi, ikafunikwa turubai.

Fundi alikuwa amefikia kwa mwenyekiti. Mimi nilikwenda nyumbani, nikachukua karatasi. Mama aliniuliza kopo lake liko wapi. Nikamwambia bado linatumika. Niliandika kuanzia adhuhuri mpaka baada ya alasiri, nikaipeleka barua kwa mkono wangu mwenyewe, umbali wa nyumba sita. Naikumbuka yote kwa sababu niliinakili mara mbili:

"Fundi, shikamoo. Makopo ya siku ya kwanza asubuhi nilikuwa mbele ya ndege, kwa hiyo kushoto niliyoandika ni kulia. Mchana nilihamia nyuma na kivuli, kwa hiyo hayo ni sawa. Siku ya pili ni hivyo hivyo, lakini kuna wakati wingu lilikuja nikakaa popote. Siku ya tatu sikumbuki vizuri. Naomba msamaha. Ni mimi niliyeandika makopo."

Fundi aliisoma amesimama mlangoni, kisha akaketi akaisoma tena.

"Kwa nini hukusema kule juu?"

"Nimesema," nilijibu, nikaionyesha ile karatasi.

Nilingojea anitukane, na nilikuwa nimekwisha kukubali tusi lolote. Akauliza kama kijijini kuna sigara. Nikaenda kumnunulia.

Siku zilizofuata tulikaa makaburini, mimi na yeye, chini ya turubai. Tuliyafungua makopo moja moja. Fundi alikuwa akiniuliza, hii uliandika ukiwa wapi? Na hapo ikaonekana jambo ambalo hata mimi sikulitegemea, kwamba nilikuwa nikikumbuka. Mtu akikaa na neno moja muda wa sigara nzima, anakumbuka mengi yaliyompitia. Kopo la biskuti nililiandika wakati mbuzi mweusi akinitafuna kamba ya kiatu, kwa hiyo nilikuwa puani. Kopo la mama nililiandika kivuli cha mkia kikiwa kwenye goti langu la kushoto, ikawa saa nane. Fundi hakuniamini kwa maneno tu. Mabawa yalikuwa yamekwenda lakini vishikizo vyake, yaani mahali yanapofungwa kwenye bodi, vilikuwepo, na kila nilipotaja upande aliichukua bolti, akaifuta, akaitia kwenye tundu kwa kidole, akaisikiliza kama mtu anayegonga nazi. Ikikaa, anaitikia kwa kichwa, nami naandika karatasi mpya. Hakunihimiza tena. Neno mwandishi pia aliliacha.

Siku ya tatu palikuwa na msiba wa kweli. Bibi mmoja wa upande wa pwani alifariki usiku, na jeneza lake likaja kwa njia ile ile na mwendo ule ule. Tulisimama. Fundi alifuta mikono yake yenye grisi kwa mchanga, akavua viatu, akaingia kwenye foleni. Alibeba hatua zake tano au sita, akapokewa, akatoka upande wa nyuma akihema. Waliozika walilazimika kulizunguka turubai letu, na walifanya hivyo bila kulalamika. Yule mtani aliuliza kwa sauti kama mgeni mwingine naye bado anasubiri nafasi. Fundi alirudi kwenye makopo, akavaa viatu vyake.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Hata mimi ningekata kushoto."

Mpaka siku ya nne asubuhi tulikuwa tumemaliza makopo thelathini. Likabaki moja, la kahawa, lenye bolti mbili za ndani ya mkia wenyewe, si za kuufunga kwenye bodi. Nililiandika siku ile ya wingu. Mkia ulikuwa wa kwanza kupelekwa barabarani na ulikwisha kwenda na lori, kwa hiyo hapakuwa na tundu la kujaribia. Nilifumba macho. Nilijaribu kukumbuka mbuzi, kivuli, jasho, chochote. Hapakuwa na kitu. Kulikuwa na wingu tu.

"Kushoto au kulia?" fundi aliuliza.

"Sijui."

"Ungeweza kukisia. Nusu ya watu wanaokisia hupata."

"Ndiyo."

"Lakini hukisii."

"Hapana."

Alinipa kipande cha mfuko wa saruji. "Basi andika hivyo hivyo."

Nikaandika "Sijui", kwa herufi kubwa, nikaifunga kwa uzi. Ni neno fupi, sikuchelewa. Fundi alisema atazilinganisha na matundu akifika Dar es Salaam, ataangalia zilivyolika. Kopo hilo hakulitia kwenye tenga na mengine. Alilishika mkononi.

Maji yalikuwa yamepungua. Wanaume walikuja tena, wakaingia chini ya miti, wakainua, na vicheko vikaisha kama mwanzo. Safari hii mwenyekiti alimweka mtu kwenye kisima, asimame katikati ya njia ya makaburini akiwa ametanua mikono. Nilipomkaribia nilisikia kila aliyepita akimpa pole kwa kazi. Miguu ya wale wa mbele ilisita kidogo, mkono wa yule mtu ukawaonyesha kulia, wakashuka. Kijitoni maji yalifika magotini. Lori lilikuwa linangoja.

Fundi alipanda mbele karibu na dereva, na kopo la kahawa mapajani. Nilimpa mkono, nikamwambia shikamoo, ingawa ilikuwa ni kuagana. Akaitika marahaba, akasema kitu ambacho injini ya lori ilikifunika. Kopo la mama lilikwenda Dar es Salaam na bolti za kishikizo cha kulia, cha mbele. Nimemnunulia jingine, lakini anasema lile lilikuwa na mfuniko mzuri.

Tangu hapo ndege ndogo hupita juu yetu mara moja moja, kuelekea Songo Songo au kutoka. Ile yetu ilikuwa nyeupe, yenye mstari wa kijani ubavuni. Kutoka chini zote ni nyeupe. Watu husimama mashambani wakasema ile pale, maiti wetu. Mimi husimama pia, lakini mimi huiangalia mpaka imalize kupita, nikiyataja makopo moja moja kwa mpangilio, na nikifika la kahawa huwa bado haijafika kwenye upeo wa macho, basi hungoja.

Ninachoomba ni hiki. Kama wewe unayesoma ni yule fundi, au ni rubani, au umefanya kazi mahali ndege hiyo ilipofungwa tena, tafadhali niandikie uniambie zile bolti mbili zilikuwa za upande gani. Usiwe na wasiwasi na mwandiko. Juu ya bahasha andika tu "aliyeandika makopo", uwape watu wa magari yanayopita Mchinga, wananijua. Jibu langu litachelewa, lakini litafika. Na kama hujui, niandikie vilevile, useme hujui.